Kinoo cha Kyoto Kimegoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Kinoo cha kiwandani kina namba ubavuni, 1000 au 3000 au 8000, na namba hiyo ni ahadi ya ukubwa wa chembe: namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo. Chembe zake zimechekechwa zikalingana, gundi inayozishika ni moja kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kisu kikikataa kunoleka mara nyingi kosa ni la mkono. Jiwe la asili kutoka milima ya Kyoto halikumwahidi mtu kitu. Lilianza kama tope laini lililotua kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, likaganda, likakunjwa na ardhi, likapanda juu, na watu wakaja kulichimba tabaka kwa tabaka. Vipande viwili kutoka shimo moja vinaweza kutofautiana kama maembe mawili ya mti mmoja. Likigoma, washukiwa ni watatu: wewe, kisu, na jiwe lenyewe.

Kipande changu cha kwanza nilikinunua hapa Osaka, ninakofanya kazi jikoni. Ni kile wanachokiita koppa, kipande kisichokatwa mraba, na ndiyo maana bei yake ilivumilika. Kilinipa karibu kila tatizo utakalolisoma hapa, na yale kisiyonipa yalikuja na jiwe la pili.

Mambo mawili kabla hatujaanza kutafuta mchawi. Mawe mengi ya Kyoto yanayouzwa kwa visu ni awasedo, mawe ya kumalizia. Hayakuumbwa kufufua kisu kilichokufa. Japani ina mawe ya asili ya kazi nzito, kama Amakusa la Kumamoto na Ikarashi la Niigata, na lipo Aoto la Kameoka kwa kazi ya katikati, lakini watu wengi, nami nikiwemo, tunafanya kazi hiyo kwa vinoo vya kiwandani: 1000, kisha 3000. Kama kisu chako hakipasui ganda la kitunguu baada ya 3000, rudi huko kwanza. Pili, fanya majaribio kwa kisu cha chuma cha pua cha kawaida kinachoshika kutu, kile cha shirogami au aogami, vyuma vya kaboni vya Kijapani. Hicho kinasema ukweli haraka. Stenlesi inaficha mambo.

Na neno moja la kukubaliana: uji. Ni yale maji ya tope yanayotokea juu ya jiwe unaponoa. Mimi ni mpishi, siwezi kuyaita vingine. Karibu kila ugonjwa hapa chini unapimwa kwa kuutazama uji: upo au haupo, mzito au mwepesi, umebadilika rangi au la.

Kisu kinateleza kama juu ya kioo

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu. Umenoa mipigo ishirini, maji juu ya jiwe bado ni meupe, kisu kinapita kikitoa mlio mwembamba, na ukitazama makali hayajabadilika hata kidogo. Uji haupo. Anza na sababu nyepesi.

Uso wa jiwe unaweza kuwa umefunikwa. Wauzaji hupaka pande za jiwe rangi ya kuzuia maji, na wakati mwingine rangi hiyo imevuja hadi kwenye uso wa kunolea. Kuna mawe yanayokuja na mihuri ya wino, na kuna mafuta ya mikono ya wote waliolishika dukani. Chora mistari ya penseli juu ya uso wote, lowesha, kisha sugua kwa bamba la almasi hadi mistari iishe yote. Hapo umeondoa uchafu, na papo hapo umejua kama uso umenyooka. Upande wenye muhuri mzuri uuache chini, kama unaupenda. Hakuna faida ya kuusugua.

Sababu ya pili, na kwa mawe ya Kyoto ndiyo ya kawaida zaidi, ni ugumu. Jiwe gumu haliachii chembe zake kwa kisu pekee. Linataka kuchokozwa. Weka matone machache ya maji, chukua bamba dogo la almasi lenye chembe laini, au kipande kidogo cha jiwe la aina hiyo hiyo wanachokiita tomonagura, usugue kwa mzunguko hadi upate uji mwepesi kama ule wa mgonjwa. Sasa weka kisu. Ndani ya mipigo michache uji unapaswa kuanza kuwa wa kijivu, halafu mweusi. Weusi huo ni chuma cha kisu chako kinachotoka. Ukiuona, jiwe linafanya kazi, na mlio wake utakuwa umeshuka, umekuwa mzito.

Tatu, maji. Hapa ndipo nilipopotezea wiki nzima. Kinoo cha kiwandani nilikizoea kwa kukimwagia maji kila baada ya mipigo michache ili kisizibe, basi na hili nikalifanyia hivyo hivyo: nachokoza uji, nauosha, nashangaa. Siku moja mzee wa jikoni, ambaye ndiye anayenoa visu vya samaki mbichi, alipita nyuma yangu, akasimama, akapangusa nusu ya maji kwa kiganja, akaniachia. Hakusema neno. Mpigo uliofuata uji ulikuwa mweusi. Tangu hapo maji nayaongeza kwa kuchovya ncha ya kidole, tone moja au mawili, pale tu uji unapoanza kukauka pembeni.

Usiusahau na ukavu, ambao ni ndugu wa tatizo hilo kwa upande wa pili. Rafiki yangu wa Mombasa, mpishi kwenye hoteli moja Dubai, alinitumia ujumbe wa sauti: “Ndugu yangu, hili jiwe mwanzo linashika vizuri, halafu ghafla linanata kama chapati mbichi.” Alikuwa amesimama chini ya kiyoyozi. Hewa kavu ilikuwa ikiukausha uji wake katika dakika moja. Alihamia kando ya sinki, akaweka bakuli la maji karibu, mambo yakanyooka.

Ukiwa umepita hayo yote na bado kisu kinateleza, tazama kisu. Kitu kinachokata ndani ya mawe haya ni chembe ndogo sana za kwatzi, na ugumu wa kwatzi kwenye kipimo cha Mohs ni 7. Kwa chuma cha pua cha kawaida unatosha kabisa. Lakini vyuma vya kisasa vinavyotengenezwa kwa unga, hasa vile vyenye vanadi nyingi, vina punje ndani yake zilizo ngumu kuliko kwatzi kwa mbali. Jiwe linalamba kile chuma kilichozizunguka punje, zenyewe linaziacha zimesimama. Utapata mng'ao bila makali. Hapo hakuna ujuzi wa mkono utakaokusaidia. Kisu hicho kinataka kinoo cha almasi au kinoo kizuri cha kiwandani, na jiwe lako halina kosa.

Mkwaruzo mmoja mrefu umetokea, sijui umetoka wapi

Kisu kilikuwa na uso laini kama hariri, halafu mpigo mmoja, krrr, na mstari umekatiza ubapa wote. Mwenye kuchambua mchele anaujua mshtuko huo: kokoto moja kwenye wali uliokwisha kupakuliwa.

Usiendelee kunoa, na usililaumu jiwe bado. Suuza kisu chote, pamoja na pale kengee inapoingia kwenye mpini, maana hapo ndipo chembe za kinoo cha 1000 zinapojificha. Osha mikono na kucha. Badilisha kitambaa. Osha jiwe kwa mswaki. Halafu noa tena ukitumia nusu moja tu ya jiwe, ile iliyo karibu nawe. Mkwaruzo usiporudi, hamia nusu ya pili. Ukirudi mahali pale pale kila mara, kasoro iko ndani ya jiwe. Ukirudi ovyo, mara huku mara kule, au usirudi kabisa, ilikuwa punje ya kupita njia.

Punje za kupita njia zina makwao matatu. Ya kwanza nimeshaitaja, kinoo kilichotangulia. Ya pili ni bamba la almasi likiwa jipya. Bamba jipya hudondosha punje za almasi zisizoshika vizuri, na almasi moja juu ya jiwe laini ni balaa. Lianzishie kwenye kinoo cha bei rahisi kwanza, ulisugue sana, ndipo ulilete kwenye jiwe la Kyoto. Ya tatu ni kingo za jiwe lenyewe. Ukingo mkali humeguka vipande vidogo na kuviingiza chini ya kisu. Zungushia kingo zote nne kwa bamba hadi ziwe za mviringo kidogo, ni kazi ya dakika mbili.

Kama ni kasoro ya ndani, sasa unatafuta kitu ambacho Wajapani wanakiita hari, yaani sindano. Usikichanganye na mistari mingine. Jiwe la asili limejaa mistari, wanaiita suji, na mingi ni michoro tu kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Haidhuru kitu. Madoa mekundu au ya zambarau nayo hayadhuru, na watu hulipia zaidi kuyapata. Hata vile vitundu vidogo vya mawe ya tabaka la suita si ugonjwa, ingawa kingo za vitundu huweza kumeguka na kushika uchafu, kwa hiyo mswaki usikae mbali.

Sindano unaijua kwa kucha. Kausha jiwe, pitisha ukucha taratibu kukatiza kila mstari. Mstari usio na hatia hauusikii. Wenye madhara unakwama, au unatoa mkwaruzo mdogo chini ya ukucha. Ukishaupata, chukua ncha ya msumari mgumu uliochongwa, uchimbe mstari huo hadi ushuke chini ya uso, ufuate urefu wake wote, kisha suuza sana. Utabaki na mfereji mwembamba juu ya jiwe. Hauharibu kunoa, kisu kinapita juu yake. Jiwe likiliwa na miaka, sindano itachungulia tena na utachimba tena. Jiwe langu la pili lina mfereji kama huo karibu na kona, urefu wa kidole gumba, na sijawahi kufikiria kuliuza kwa ajili hiyo.

Kisu kinang'aa, nyanya inakataa

Hili linaudhi kuliko yote, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Uji ulikuwa mweusi, kisu kina mng'ao, ukipitisha kwenye karatasi kinakata. Ukikiweka juu ya nyanya iliyoiva bila kukandamiza, kinateleza kwenye ganda.

Kwanza pitisha ncha ya kidole kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, upande mmoja kisha wa pili, bila kugusa makali kwa urefu. Upande mmoja ukiwa na kitu kinachokwama kama uzi, chuma kimejikunja na hakijang'oka. Uzi huo huletwa na vinoo vya namba ndogo, na jiwe la kumalizia, hasa lililo laini, huweza kuulaza upande huu na upande ule bila kuuondoa. Rudi kwenye 3000, mipigo myepesi sana, upande mmoja baada ya mwingine, ukipunguza uzito wa mkono hadi ibaki uzito wa kisu chenyewe. Pitisha makali mara mbili kwenye kizibo cha chupa au kwenye ubao laini. Kisha mipigo kumi tu kila upande kwenye jiwe la asili.

Kama uzi haupo, chunguza uji wako ulikuwa mzito kiasi gani ulipomaliza. Ukisukuma kisu makali yakiwa mbele, makali yanalima uji kama jembe. Uji mzito uliojaa chembe na chuma unayapiga makali yenyewe na kuyaviringisha kidogo. Ubapa utang'aa na makali yatakuwa butu kwa kiwango ambacho jicho halikioni lakini nyanya inakiona. Tiba ni kuongeza matone ya maji mwishoni, uji ubaki kivuli tu, au kumalizia kwa mipigo ya kuvuta, mgongo ukiwa mbele na makali nyuma.

Sababu ya tatu wanoaji wengi hawataki kuisikia: umenoa kupita kiasi. Kisu cha jikoni kinahitaji meno madogo. Ganda la nyanya, pilipili hoho na kitunguu vinataka kitu cha kuuma. Uzuri wa jiwe la asili, kwangu mimi, ni kwamba chembe zake hazilingani, hivyo huacha makali laini yenye meno machache yaliyobaki, na kisu kinauma kwenye ganda huku kikipita ndani kimya. Ukikaa robo saa nzima kwenye jiwe gumu unayafuta meno hayo. Kwa kisu cha kukatia samaki mbichi, sawa, huko mng'ao una kazi yake, nyama inabaki na uso unaometa. Kwa kisu cha mboga, simama mapema.

Na kama ulitoka kwenye 1000 moja kwa moja? Basi nusu ya mikwaruzo ya 1000 bado iko pale chini ya mng'ao. Haikuondoka, imepakwa poda.

Ukungu una mabaka

Wengi hulinunua jiwe la asili kwa ajili ya kasumi, neno la Kijapani lenye maana ya ukungu: chuma laini cha nje kinakuwa na weupe wa kufifia, na chuma kigumu cha makali kinabaki kimejitenga, cheusi zaidi au kinachong'aa zaidi. Wakiukosa ukungu huo wanaona wameibiwa.

Mabaka maana yake ubapa wa kisu haukunyooka. Palipobonyea jiwe halifiki, panabaki na rangi ya kinoo cha nyuma. Unaweza kurudi kwenye 1000 na kuunyoosha, kazi ya saa nyingi inayokula kisu chako, au unaweza kuchukua kijipande chembamba cha jiwe laini, ukakisugua juu ya ubapa kwa kidole pamoja na uji. Kijipande kinafuata mabonde. Mimi hufanya hivyo kwa kisu cha zawadi tu. Kisu cha kazi kitapata madoa ya kitunguu na ndimu kabla ya saa nne asubuhi.

Michirizi badala ya mabaka ni habari nyingine. Hiyo hutokana na jiwe gumu mno juu ya chuma laini. Ongeza uji, punguza mkono, na ukiona bado, soma sehemu ya mwisho. Na kama kisu chako kimevikwa stenlesi pande zote, ukungu wa kweli usiutarajie.

Jiwe linakinyonya kisu

Kisu kinagandamana na jiwe, unakivuta hakitoki, halafu kinaruka ghafla. Ubapa ulionyooka juu ya jiwe lililonyooka, na uji mzito katikati, hewa haipiti. Tone la maji, na uinue mgongo wa kisu kidogo. Kuwa mwangalifu na vidole, kwa sababu kisu kilichonyonywa kikiachia hakikuulizi kinaelekea wapi. Mawe mengine yenye chembe laini sana yana tabia hiyo siku zote, na ni dalili nzuri ya jiwe, mbaya kwa kidole.

Jiwe linachimbika, uji haukomi

Jiwe laini. Unapata uji mwingi mweupe unaobaki mweupe, na makali yanaacha mitaro usoni. Unaondoa jiwe zaidi kuliko chuma. Usilichokoze kwa bamba, tumia maji matupu, na shika pembe moja bila kutikisika, maana kwa jiwe laini mkono unaopanda na kushuka unaonekana mara moja. Aoto pia hunywa maji haraka. Lilowanishe dakika chache kwa kumwagia juu kabla ya kuanza, na utalazimika kulinyoosha mara kwa mara kwa bamba.

Jiwe limepasuka, au linabanduka tabaka

Kumbuka lilivyozaliwa, tope juu ya tope. Maji yanaingia kwa ubavuni, kati ya tabaka na tabaka, na siku moja unalinyanyua jiwe kipande cha chini kinabaki mezani.

Karibu kila mara chanzo ni mazoea ya kinoo cha kiwandani: mtu analizamisha kwenye ndoo saa nzima. Jiwe la kumalizia la Kyoto halizamishwi. Linaloweshwa juu, linatumika, linafutwa, linakaushwa kivulini. Kuliweka juani au karibu na jiko likauke haraka ni kosa la pili, kwa sababu nje inakauka na kujibana huku ndani kungali na maji. La tatu linawahusu wanaoishi kwenye baridi: jiwe bichi likilala mahali panapoganda usiku, maji ya ndani hutanuka yakiwa barafu, na nyufa zinafuata.

Kinga ni kupaka pande zote nne na chini, ukiacha uso wa kunolea. Wa zamani walitumia urushi, utomvu wa mti wa lakeri, ambao ukiwa mbichi huwasha ngozi vibaya. Siku hizi wengi hutumia rangi inayoitwa kashu. Niliposikia jina hilo nilicheka peke yangu dukani. Kashu ni korosho, na rangi hiyo hutengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, yale yale yanayobabua mikono ya wanaobangua Mtwara na Lindi. Inakauka ngumu, inang'aa, na maji hayapiti. Tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke siku yake. Usipoipata, vanishi ya mbao inafaa. Jiwe jembamba libandike pia juu ya kibao, lisije likavunjika mkononi.

Ufa ukiwa umeshaanza, liache jiwe likauke siku kadhaa kivulini, dondoshea gundi nyepesi ya supaglu kwenye ufa ili ivutwe ndani, likishashika paka rangi juu yake. Gundi iliyotokeza usoni iondoe kwa bamba. Mawe mengi yaliyotibiwa hivyo yameendelea na kazi kwa miaka.

Kutu kabla hata sijamaliza

Kisu cha shirogami kinaweza kubadilika rangi ungali unanoa, ukungu wa manjano unaofuata makali. Kuna mawe yanayoharakisha kutu kuliko mengine, na uji uliobaki juu ya kisu wakati unajibu simu unaharakisha zaidi. Weka magadi kidogo kwenye bakuli la maji yako ya kunolea, kiasi cha ncha ya kijiko, ama baking soda kama magadi hupati. Wanoaji wa Kijapani nao hutia soda kwenye maji kwa sababu hiyo hiyo: maji yenye magadi hayaishambulii pua kwa kasi. Ukimaliza suuza kwa maji ya moto, futa, na paka mafuta membamba kama kisu kitalala zaidi ya usiku mmoja.

Makali yaliyoachwa na kutu hayaonekani mabovu siku ya kwanza. Siku ya tatu utasema jiwe halishikishi makali, kumbe ni kutu iliyokula ncha.

Nimefanya yote, bado

Basi huenda jiwe si la visu. Milima ile ile ya Kyoto ilitoa mawe kwa ajili ya nyembe za kinyozi, kwa ajili ya randa za maseremala, na kwa ajili ya panga. Jiwe la wembe ni gumu sana na chembe zake ni ndogo sana. Wembe una ubapa mwembamba wenye pembe iliyojipima yenyewe, unalishika jiwe kama kiatu kilichokaa mguuni. Kisu cha jikoni kina ubapa mpana na mkono unaoyumba, kwa hiyo kwenye jiwe hilo hilo kitateleza, kitapata michirizi, na kikikandamizwa makali yatatoa mapengo madogo. Muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba jiwe ni gumu kuliko yote aliyonayo, anamsifia kinyozi.

Koppa langu la kwanza lilikuwa hivyo. Kwa uji wa kuchokozwa lilinipa makali, lakini ukungu wake ulikuwa michirizi mitupu, na kila noa ilikuwa vita. Nilibadilishana na mtu anayenyoa kwa wembe, akanipa jiwe la tabaka la suita lenye vitundu, laini zaidi, lenye kona moja iliyomeguka. Yeye aliona amenipunja, nami niliona nimempunja.

Ukienda kununua, beba kisu chako mwenyewe, kile cha pua ya kawaida, kikiwa kimetoka kwenye 3000 asubuhi hiyo. Maduka mengine yenye mawe ya asili hukuruhusu kujaribu ukiomba kwa adabu. Weka matone matatu ya maji, usichokoze uji, piga mipigo ishirini kwa mkono mwepesi. Ukiona kijivu kimeanza kuzunguka makali, geuza jiwe utazame ubavuni kama kuna nyufa, pitisha ukucha usoni, halafu uliza bei.